Amevaa au amevishwa?

Msomaji wa Tanga ameniandikia: "Shikamoo dada. Nina miaka 21, nasomea usanifu wa picha na nataka kuchora wahusika wa magemu. Kaka yangu anasema mwanamke wa kwenye gemu lazima awe na kiuno chembamba na nguo fupi, kwa kuwa wanaocheza ni wanaume. Mwalimu wangu anasema nikitaka heshima nimfunike mhusika wangu, basi. Ninachora mama wa mwani wa Unguja na sijui nimsikilize nani. Je, kumfunika kunatosha?"

Marahaba, mdogo wangu. Hakutoshi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mchoro ulioambatanisha nimeutazama zaidi ya hapo. Kaka yako na mwalimu wako wanabishana, lakini wote wawili wameshika kipimo kimoja, nacho ni ngozi: mmoja anaitaka nyingi, mwingine kidogo. Mimi kazi ya kuunda wahusika naifanya mwaka wa 13 sasa, na kipimo changu ni kingine. Nikiletewa mhusika wa kike, nauliza: nguo hizi amevaa au amevishwa? Aliyevaa ana sababu yake. Huenda ni jua, kazi, ibada, harusi ya jirani, au kupenda kwake tu. Aliyevishwa, sababu anayo mtu aliyekaa mbele ya skrini. Tena si nguo peke yake. Mwendo wake, namna anavyosimama, mahali kamera inapokaa na maneno anayopewa kusema, vyote vinaulizwa hivyohivyo.

Tuanze na Lara Croft, maana kaka yako hatakosa kumtaja. Alitoka mwaka 1996 katika Tomb Raider, gemu iliyotengenezwa na studio ya Core Design katika mji wa Derby, Uingereza. Aliyembuni ni Toby Gard, na hapo mwanzo alikuwa mwanamke wa Amerika Kusini aitwaye Laura Cruz. Mashine za wakati ule zilikuwa na nguvu ndogo, kwa hiyo mwili mzima ulijengwa kwa poligoni mia chache tu, yaani vibapa vidogo vilivyounganishwa kama mabati ya paa. Kwa vibapa vichache namna hiyo huwezi kuchora kope wala mkunjo wa shati. Unachoweza ni kutia chumvi umbo ili mtu amtambue akiwa mbali. Hata msuko wake mrefu, unaouona kwenye vipande vya filamu vya gemu ya kwanza, wakati wa kucheza haukuwepo. Nywele zilifungwa fundo hadi Tomb Raider II ya mwaka 1997, ndipo msuko ukaanza kuning'inia na kuyumba.

Kwa hiyo sehemu ya umbo lile ilitokana na mashine. Matangazo hayakutokana na mashine. Katika gemu Lara ni mtafiti wa makaburi ya kale, mkavu wa maneno, anapiga mbizi na kupanda majabali peke yake. Kwenye mabango na majarida aligeuzwa mrembo wa kalenda. Gard mwenyewe hakuridhika na namna alivyokuwa akiuzwa, akaondoka Core Design mwaka 1997, kiumbe wake akiwa kileleni mwa umaarufu. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko hoja zetu zote. Mtu aliyemchora aliona anavishwa na wengine.

Sasa nikupe siri ya ufundi. Nguo ya kubana ni rahisi. Unaunda mwili, unaupaka rangi ya nguo juu yake, umemaliza. Mhusika akikunja goti, nguo inakunjika nalo, kwa sababu nguo ndiyo ngozi. Hebu mpe kanga. Kanga inaning'inia mbali na mwili, na mguu ukienda mbele, goti linatoboa kitambaa na kutokea upande wa pili kama kuku anayechungulia kutoka kwenye tenga. Kuzuia hilo, inabidi kanga uiwekee mifupa yake yenyewe, vijifupa visivyoonekana vya kuivuta ikae mbali na goti. La sivyo, uiachie mashine ipige hesabu ya kitambaa mara 30 au 60 kila sekunde, na simu ya bei nafuu itachemka mkononi mwa mchezaji. Niliwahi kukaa siku nne nzima na pindo la kanga moja. Basi ukiona studio ndogo imechagua suruali ya kubana, usikimbilie kulaumu, pengine ni bajeti. Lakini ukiona ndani ya gemu hiyohiyo mwanaume ana koti refu linalopepea, jua hesabu ya kitambaa iliwezekana. Kuna mtu alipanga nani apewe.

Mwaka 2013 Lara alirudi akiwa mpya, mikononi mwa Crystal Dynamics ya Marekani, mwandishi wake mkuu akiwa Rhianna Pratchett. Kaptula imeondoka, amevaa suruali, mwili wake ni wa mtu unayeweza kukutana naye. Kwa kipimo cha mwalimu wako, kazi imekwisha. Icheze, halafu uitazame kamera. Inamsogelea akiwa anavuja damu, inakaa karibu anapogugumia kwa maumivu, na akikosea njia mchezaji anaonyeshwa kifo chake kwa urefu wa kuumiza. Kabla gemu haijatoka, mmoja wa watayarishaji wakuu alisema hadharani kwamba wachezaji watataka kumlinda. Hadithi yenyewe naipenda, ya msichana anayejifunza kuishi kisiwani. Ila yule aliyefunikwa bado ni wa kutazamwa. Safari hii wanatazama mateso yake.

Kinyume chake ni Bayonetta, mchawi wa gemu ya mwaka 2009 kutoka PlatinumGames ya Japani. Vazi lake ni nywele zake mwenyewe, na akizitumia kupigana linapungua mwilini. Aliyemchora ni mwanamke, Mari Shimazaki. Mwalimu wako angeifunga kompyuta papo hapo. Mimi naona mtu anayejua anachokifanya: yeye ndiye anayeamua lini apinde mgongo, lini acheke, lini ampige mtu kwa kiatu chenye bastola kwenye kisigino. Sikubaliani na kila mahali kamera ilipowekwa, kuna wakati inamtangulia na kumpora uamuzi wake. Lakini kati yake na yule Lara wa 2013, aliyevaa kwa hiari yake zaidi ni Bayonetta.

Jihadhari pia na hadithi inayotungwa baada ya nguo. Katika Metal Gear Solid V ya mwaka 2015 yumo mdunguaji aitwaye Quiet, anayekwenda vitani na sidiria na soksi ndefu zilizochanika. Sababu inayotolewa ni kwamba anapumua kwa ngozi, akijifunika atakosa hewa. Watu walipolalamika mapema, mwaka 2013, muundaji wake Hideo Kojima alisema wakiijua sababu watajionea aibu kwa maneno yao. Sababu ilipotoka niliipima hivi. Katika gemu ya mfululizo huohuo ya mwaka 2004 kuna mdunguaji mwingine, mzee aitwaye The End, naye anaishi kwa mwanga wa jua kama mmea. Mzee amevaa nguo.

Nije kwenye hoja ya kaka yako, na hii nitaikata fupi. Chama cha kampuni za magemu cha Marekani, ESA, kimeripoti kwa miaka mingi kwamba wanawake ni karibu nusu ya wanaocheza nchini humo. Kaka yako anaweza kukujibu kwa Mass Effect, ambako mchezaji huchagua Shepard awe mwanamume au mwanamke, na mwaka 2011 waliotengeneza walisema asilimia 18 tu ndio waliochagua mwanamke. Muulize jalada la gemu hiyo lilikuwa na picha ya nani mwaka 2007. Aliyewekwa mlangoni ndiye anayechukuliwa kwanza. Ipo pia Remember Me ya studio ya Dontnod ya Paris. Wenyewe walieleza kwamba baadhi ya wachapishaji waliikataa kwa sababu mhusika mkuu alikuwa mwanamke, hata kabla mchezaji yeyote hajaulizwa anataka nini.

Hali imebadilika, nisikudanganye. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Teresa Lynch walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa wahusika wa kike 571 wanaochezeka, kutoka magemu ya 1983 hadi 2014. Waliona kuchorwa kwa namna ya kutamanisha kulifikia kilele miaka ya 1990 kisha kukashuka. Waliona pia kwamba wanawake bado walipewa zaidi nafasi za pembeni, na hao wa pembeni ndio waliovishwa vibaya kuliko wahusika wakuu. Kwa hiyo ukimaliza kumchora mama wako wa mwani, nenda ukamtazame na muuza chai uliyemchora nyuma yake.

Na sisi je? Gemu mbili zimetugusa moja kwa moja, zote za Capcom ya Japani, na kila mwaka nazifundisha.

Ya kwanza ni Street Fighter III ya mwaka 1997. Ndani yake yumo Elena, binti wa kiongozi wa kabila katika savana ya Kenya. Nitasema kwanza kilicho chema. Waliomchora walimpenda. Alichorwa fremu kwa fremu kwa mkono, anapigana kwa miguu tu, na mwili wake unapita kutoka pigo moja hadi jingine bila kukatika hata kidogo. Ukitaka kujifunza uzito wa mwili unavyohama, mtazame Elena kwa mwendo wa polepole. Hadithi yake ni ya msichana mchangamfu anayekwenda nchi za mbali kusoma na kupata marafiki. Sasa tazama alichonacho mwilini: vipande viwili vyeupe kama vya kuogelea, bangili shingoni, mikononi na miguuni, peku. Mchezo anaopigana ni capoeira, uliozaliwa Brazil miongoni mwa watu waliopelekwa utumwani kutoka Afrika. Jiulize, vazi lile ni la wapi Kenya? Si shuka la Wamaasai, si leso ya Mombasa, si gauni la Kisumu, si sweta la msichana wa shule wa Nairobi asubuhi ya Julai. Neno "Kenya" limeandikwa karibu na jina lake, na mwilini hakuna kilicholijua neno hilo. Mwaka 2025 amerudi katika Street Fighter 6, na vijana wetu wanamchagua kwa fahari, kwa sababu ni wetu na kwa sababu anapendeza. Fahari hiyo naielewa, nami ninayo. Ndiyo maana nataka achorwe na mtu aliyewahi kufunga leso.

Ya pili ni Resident Evil 5 ya mwaka 2009. Nchi ni ya kubuni, inaitwa Kijuju, wanasema iko Afrika Magharibi. Maadui wanaitwa Majini, na ukiongeza sauti utasikia wanapiga kelele kwa Kiswahili. Lugha yetu imetolewa kwetu na kupelekwa upande wa pili wa bara ili itishe. Katikati ya hayo yumo Sheva Alomar, askari Mwafrika, mwenza wa Chris, mhusika mkuu kutoka Marekani. Sheva kazi anaijua, na nguo yake ya kawaida, fulana, suruali, buti na mkanda wa silaha, ni ya mtu aliye kazini. Lakini mchezaji akifanya vizuri anafunguliwa mavazi mengine, na mojawapo, lililopewa jina la "kikabila", ni vipande vya ngozi ya chui na rangi iliyopakwa mwilini. Huyohuyo askari, mshahara wa mchezaji ni kumwona hivyo.

Desturi hiyo ya kumfanya mwanamke tuzo ni ya zamani. Metroid ya Nintendo, mwaka 1986, inamwonyesha mhusika wake mkuu, Samus, ndani ya deraya tangu mwanzo, na wengi walicheza mpaka mwisho wakidhani ni mwanamume. Hapo palikuwa na jambo zuri sana: gemu nzima amefanya kazi ngumu, na hakuna aliyeuliza kama mwanamke anaiweza. Kisha ukimaliza kwa chini ya saa moja, unaonyeshwa akiwa na nguo za kuogelea. Muda mfupi zaidi, nguo chache zaidi. Mkono uleule uliompa heshima ndio uliomtoa zawadi.

Basi, mchoro wako. Umemchora mama wa mwani amesimama wima, mkono kiunoni, kiuno cha nyigu, kanga imelowa na kushika mapaja, uso umeelekea kwa mtazamaji. Umemfunika toka shingoni hadi vifundoni. Na bado umemvisha, mdogo wangu. Nakwambia kwa upendo, kwa sababu mkono wako ni mzuri, na kosa hili sote tumefundishwa na picha tulizokua nazo.

Mwaka juzi niliwapeleka wanafunzi wangu watatu Jambiani, maji ya bamvua yalipotoka. Saa tatu asubuhi bahari ilikuwa imerudi mbali, na akina mama walikuwa tayari kwenye mashamba, kati ya vijiti na kamba. Niliwakataza kuchora kwa nusu saa ya kwanza, watazame tu. Walichokiona ni hiki. Fulana ya mikono mirefu chini ya gauni kuukuu, kwa sababu ya jua. Mtandio umefungwa kichwani, kofia ya ukindu juu yake. Viatu vya mpira, maana chini ya maji kuna miiba. Kanga imekunjwa na kuchomekwa kiunoni, pindo limepanda juu ya magoti ili lisiburuzwe na maji. (Na hapo ndipo lile tatizo langu la siku nne lilipopata jibu. Kanga iliyochomekwa hivyo goti haliitoboi. Ningewatazama mapema, ningeokoa siku tatu.) Wanainama kutoka kwenye nyonga, miguu imeachana, migongo imenyooka kama meza, mikono yote miwili inafunga vikamba vidogo bila macho kuvitazama, kwa sababu macho yanamtazama jirani anayezungumza naye. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akitutazama sisi.

Kisha mmoja akajitwisha kiroba cha mwani mbichi, kinachuruzika maji, akaanza kurudi pwani. Hapo niliwaambia watoe karatasi. Kichwa hakiyumbi. Shingo imetulia. Mabega hayapandi wala hayashuki. Hatua ni fupi, unyayo unagusa mchanga kwanza ndipo unapewa uzito. Mtikisiko wote wa kila hatua unamezwa na kiuno, ili kiroba kisijue kama kuna mtu anatembea chini yake. Kiuno kinacheza kweli, tena kuliko cha mwanamitindo yeyote, na kinacheza kwa ajili ya mzigo. Alipokitua, akatembea kurudi majini kama mtu yeyote aliyechoka.

Mwendo ule wa magemu, nyonga zinazopigwa huku na huku mhusika akiwa mikono mitupu, tena anakimbia risasi, ni kiuno kilichobaki baada ya mzigo kuondolewa. Na usiamini ukiambiwa mwendo wa mwanamke ni gharama isiyobebeka. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft walipoulizwa kwa nini gemu yao Assassin's Creed Unity haina mwanamke wa kuchagua watu wanapocheza kwa kundi, jibu lilikuwa kwamba kazi ya animesheni, yaani kuwapa wahusika mwendo, ingekuwa maradufu. Jonathan Cooper, mtengeneza animesheni aliyewahi kufanya kazi kwenye mfululizo huo, akajibu hadharani kwamba ni kazi ya siku moja au mbili. Anasema kweli. Mifupa ya ndani ya wahusika mara nyingi ni ileile, mienendo mingi inahamishika, na michache iliyobaki ndiyo unayokaa nayo.

Usiogope pia kumpa mikono minene. Mama anayebeba kiroba cha mwani mbichi ana mabega. Katika gemu ya The Last of Us Part II ya mwaka 2020, mhusika aitwaye Abby alichorwa na misuli, na watu wakadai hakuna mwanamke wa namna ile, ilhali mwili ule ulichukuliwa kwa mwanariadha wa kweli, Colleen Fotsch. Laura Bailey aliyempa sauti alitumiwa vitisho vya kuuawa. Nakutajia hili ili siku mtu akikutukana kwa sababu ya mabega ya mama wa Jambiani, ukumbuke mabega hayo umeyaona kwa macho yako.

Kuhusu maneno, fanya jambo dogo: yahesabu. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2023 ulipitia magemu 50 ya kuigiza wahusika na kukuta wanaume wanasema karibu mara mbili ya wanawake. Mama wako usimwache anatabasamu tu. Akina mama wa mwani wanazungumza kutwa: bei ya kilo, mwani unaooza maji yanapopata joto, ada ya mtoto, arusi ya Paje.

Niliwahi kukosea hapa na sijasahau. Mteja mmoja alitaka mhusika wa nesi kwa gemu ya kufundisha afya. Nilimleta na sare ya nesi kama nilivyoiona wodini, imelegea kidogo, mfukoni kalamu mbili. Akasema, "Mwongeze kidogo hapo juu, na hapo kiunoni mbane." Nilikuwa na kodi ya kulipa, nikambana. Gemu ilipopelekwa kwa wasichana wa shule kujaribiwa, wa kwanza aliyemwona alicheka, akasema huyu si nesi. Mbele ya mtoto yule sikuwa na la kusema. Tangu siku hiyo, mteja akiomba hivyo namwonyesha picha ya mtu wa kweli akiwa kazini na kumwomba aniambie ni kitu gani kazini kinadai badiliko hilo. Wengi wanaacha. Mmoja aliondoka na pesa yake, nikamwacha aende.

Sasa uuweke kando mchoro ule, usiuchane. Nenda pwani ya karibu nawe siku ya bamvua, ukatazame kabla ya kushika penseli. Kisha nichoree michoro mitatu ya mistari mitupu, mifupa tu, bila umbo wala sura: akiwa ameinama kwenye kamba, akiwa na kiroba kichwani, na akiwa amekaa mchangani baada ya kukitua, miguu imenyooshwa mbele. Nikiweza kumtambua katika hiyo mitatu bila kuambiwa ni nani, tutamfunga kanga. Na jina la kanga, lile la pindoni, usilichague kwa uzuri wa maandishi. Fikiri siku aliyoinunua, alikuwa na nani dukani na alitaka nani alisome.